Ukoo wa Balengelele Wabisha Hodi Jakobsberg

Jumapili, katikati ya Novemba. Rågsved, Stockholm.

Nje kunaanguka kile kitu ambacho si mvua wala si theluji. Saa nane na nusu mchana, na taa za barabarani zimeshawaka kama zimechoka kungoja jua.

Sina hali. Sisemi nina huzuni, maana huzuni naijua, ina uzito na ina mahali pa kukaa. Hii ni ganzi. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila safari hii mguu ni mwili mzima. Nimepika chai, nimeinywa, na ukiniuliza kama ilikuwa na sukari nitakwambia ngoja nikaangalie kopo.

Mnaonisoma hapa mnanijua. Mimi ndiye niliyemkimbiza kiboko wa mto Ruzizi mpaka akapanda lori la jeshi kuomba hifadhi. Mimi ndiye niliyewafundisha wenye nchi hii kuendesha basi kinyumenyume juu ya barafu. Niliyaandika hapa hapa na sifuti hata nukta. Leo lakini sina kiboko. Leo naandika ya jana kama yalivyotokea, na mtakaosema baba mdogo ameishiwa, semeni tu.

Tangu kaka yangu Sila afariki mwezi wa nne, niko hivi. Sikulia hospitalini. Sikulia kanisani. Watu walinipiga mgongoni wakisema huyu mwanamume ana nguvu. Nguvu gani? Hata jiwe halilii.

Nakwenda kazini, nasafisha ngazi za watu, narudi. Kucha zangu zimekuwa ndefu mpaka zinatoboa glavu, na sina hata hamu ya kuzikata.

Basi jana ilikuwa posa ya Furaha, binti wa kaka Sila, huko Jakobsberg kwa mama yake. Kwa kuwa baba hayupo, baba ni mimi. Wazee walikaa, wakaamua mimi ndiye niwe msemaji wa mlangoni. Hakuna aliyepinga. Hata wasionipenda walikubali kwamba katika Stockholm nzima hakuna mdomo kama wangu, na nilikubaliana nao.

Kijana anaitwa Mirko. Kazaliwa hapa hapa, fundi wa lifti, mpole, anakula sombe yetu ya majani ya muhogo na kuomba tena. Baba yake, Mzee Branko, alitoka Yugoslavia wakati nchi ile inavunjika vipande. Kwao alikuwa mwalimu. Hapa aliwafundisha watoto wa shule lugha ya nyumbani kwao, lile somo la modersmål, mpaka akastaafu. Mkewe alishafariki.

Kwetu sisi, binti haolewi kwenye ukoo ambao haujachunguzwa. Zamani ungemtuma shangazi akauze mihogo kwenye kijiji cha watu, akae wiki, arudi na habari. Wana wavivu? Wana wachawi? Wanapiga wake zao? Hapa Stockholm utauza mihogo wapi? Lakini mimi sishindwi. Nilisikia Mzee Branko anaongoza darasa la jioni huko Bredäng, zile studiecirkel ambazo Waswidi hukaa kwenye duara na kahawa zao wajifunze jambo lisilowahusu. Jambo lenyewe lilikuwa jinsi fikra za wanafalsafa zilivyowafanya Waslavi wajione mataifa. Nikajiandikisha. Sikusema mimi ni nani kwa Furaha. Nikakaa karibu na mlango, koti mwilini, jasusi kamili.

Sasa mimi shule niliiacha darasa la sita, mwalimu akalia. Lakini nawaambia, falsafa si ngumu. Ugumu wake ni majina, na majina sikushika hata moja. Maneno niliyashika yote.

Alisema hivi. Waslavi wengi, zamani hizo, walikuwa chini ya wafalme wa watu wengine. Ukitaka kazi nzuri unasema Kijerumani. Lugha ya mama yako ni ya kuongea na ng'ombe. Ndipo mchungaji mmoja Mjerumani, mtu wa kufikiri sana, akaandika kwamba Mungu hakuumba binadamu wa jumla. Kila watu wana roho yao, na roho hiyo haikai ikulu. Inakaa kwenye lugha, kwenye hadithi, kwenye nyimbo za mabibi wanaopukuchua mahindi. Akawatazama Waslavi akasema, ninyi wakulima wapole mliolala, mtaamka siku moja.

Fikirieni. Umeambiwa maisha yako yote kwamba bibi yako ni mshamba, halafu anakuja msomi mkubwa, tena wa upande wa mabwana, anakwambia bibi yako ndiye hazina. Nani hatalewa?

Wakalewa. Wachungaji, walimu, wanafunzi wa seminari walitoka na kalamu wakaenda vijijini kukusanya nyimbo. Wakatunga kamusi. Wakabishana lugha ya kijiji kipi ndiyo iwe lugha ya taifa, mpaka marafiki wakaacha kusalimiana.

Halafu akaja Mjerumani mwingine, huyu profesa. Yeye alisema historia ni kama mgeni mkubwa anayetembea duniani. Analala nyumba ya taifa hili, kesho nyumba ya taifa lile, na kila anapolala panang'aa. Kwa Waslavi, akasema, mgeni huyo hajabisha hodi. Ungedhani watanuna. Waslavi wasomi walikaa na neno lile, wakaligeuza, wakasema vema, kama hajabisha basi zamu yetu ndiyo inayofuata. Wakaanza kufagia uwanja.

Wapolandi, ambao majirani waligawana nchi yao kama nyama, walisema taifa letu linateseka kama Yesu kwa ajili ya wengine. Warusi walichukua elimu ya Wajerumani, wakaitumia kuwaambia Wajerumani hao hao kwamba kichwa chenu kikubwa, moyo mkavu, sisi tunaishi pamoja kama kusanyiko la kanisa. Hapo nilicheka peke yangu. Nimewahi kumpiga mtu kwa fimbo yake mwenyewe, najua utamu wake.

Kisha akatuambia habari iliyoniamsha kabisa. Kulikuwa na mtu mmoja kule kwa Wacheki aliyeona mataifa mengine yana mashairi ya kale sana, yao hawana. Akaketi akayatunga. Akayaandika kwenye ngozi kuukuu, akasema nimeyaokota kanisani. Taifa zima likalia kwa furaha.

Ndugu yangu huyo! Nikainua mkono. "Mwalimu, walimfunga?"

Mzee Branko akanitazama juu ya miwani. "Hapana. Walimpa kazi kwenye makumbusho."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alisema uongo ukivaa nguo za babu, hakuna anayethubutu kuuvua.

Jioni ya mwisho alifika kwao. Alituambia juu ya wazee waliokuwa wakiimba kwa zeze la uzi mmoja habari za vita walivyoshindwa karne nyingi nyuma, na wasomi wa Ulaya wakazisoma nyimbo zile kwa machozi. Akasema yeye mwenyewe alizifundisha shuleni miaka mingi. Mama mmoja wa Kiswidi akauliza, halafu? Ikawaje? Mzee Branko akasimama, akafunga dirisha lililokuwa limeshafungwa, akasema kahawa imepoa, asanteni.

Ripoti yangu kwa familia ilikuwa fupi. Hana uchawi, si mvivu, ana kitu anachokificha. Shemeji yangu, Mama Furaha, alinijibu akiwa anaosha sombe: "Na wewe huna, Baba Mdogo?"

Tunafika jana.

Mila yetu ya posa ni hii, kwa msiojua. Wageni wakibisha, hatufungui. Msemaji anasimama nyuma ya mlango anawakatalia: hapa hakuna binti, pitieni jirani. Wao wanatakiwa wadanganye. Wanasema tumepotelewa na mbuzi, nyayo zimeingia humu. Unawauliza mbuzi wa rangi gani, wanasema wa bluu. Unawauliza ninyi ni watu gani, wanasema watu wa kule ambako mito inapanda mlima. Wanawake ndani wanacheka, wanapiga vigelegele. Mkwe anayedanganya vizuri anaingia haraka. Asiyejua kudanganya analala nje na zawadi zake.

Furaha alimweleza Mirko. Mirko akapanga amweleze baba yake ndani ya lifti, wakipanda pamoja. Ila pale chini hapakuwa na nafasi ya gari, kile kitu kinaanguka kutoka juu, Mirko akamwambia mzee atangulie asilowe. Mzee Branko akapanda peke yake.

Akabisha.

Sebule nzima ikanyamaza kwa furaha. Kulikuwa na shangazi, majirani, watoto wanakatazwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi. Furaha amefichwa chumbani kama inavyotakiwa. Mimi nimevaa koti la kaka Sila. Nikasema moyoni, leo Mzee Branko atajua kwamba na mimi nimesoma kwake. Badala ya kuanza na mambo ya binti, nikaanza na taifa. Nikaikaza sauti, nikaongea Kiswidi changu kile kinachotisha hata mbwa:

"Ninyi ni watu gani? Kabila gani? Taja watu wako, ndipo mlango huu ufunguke!"

Kimya.

Nikapiga mlango kwa ngumi kutoka ndani, kuongeza utamu. "Jibu! Wewe ni wa wapi?"

Wanawake wakaanza kuchekacheka. Shangazi mmoja akasema, "Huyo mkwe ametishika, mpe maji." Nikangoja. Halafu nikasikia viatu vinashuka ngazi, polepole, kimoja, kingine.

Nilipofungua kulikuwa na keki tu. Keki ya njugu, imefungwa kwa taulo la jikoni, imewekwa juu ya zulia la mlangoni kwa uangalifu, kama mtu anavyomlaza mtoto.

Lifti ikafika, Mirko akatoka na maua. Akatutazama. "Baba yuko wapi?"

Furaha alikuwa ameshatoka chumbani. Mila ikakatika hapo hapo, hakuna aliyeijali. Mirko akamuuliza nimesema nini, na Furaha akamrudia kwa Kiswidi, neno kwa neno, maana alikuwa amesikia yote. Nikamwona kijana yule uso unabadilika rangi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake na baba yake hawakuwa watu wa aina moja. Kwamba wakati wa vita watu wenye bunduki walikuja usiku mmoja, wakabisha, wakauliza hivyo hivyo. Kwamba nyumbani kwao swali lile haliulizwi hata kwa mzaha.

Mama Furaha akakaa kwenye kiti. "Baba Mdogo. Mdomo wako. Mdomo wako huo siku moja utatuzika."

Furaha hakunikemea. Angenikemea ningeshukuru. Aliniangalia kwa macho ya baba yake na kusema: "Asiporudi, siolewi. Siwezi kuingia kwa mtu ambaye kwetu kumemfukuza."

Nikasema ninakwenda.

Mirko akataka twende wote, nikamkataza. Aliyemfukuza ndiye amrudishe. Nilitoka na malapa ya ndani, hata sikujua mpaka miguu ilipolowa, na hata ilipolowa niliitazama tu kama miguu ya mtu mwingine. Kutoka pale mpaka stesheni ya Jakobsberg si mbali. Nilimkuta kwenye benchi la jukwaani, mikono mapajani, treni ya kwenda mjini imefungua milango mbele yake. Hakupanda. Ikafunga, ikaondoka. Nikakaa.

Akageuka. Akanitazama muda. "Wewe," akasema. "Wa karibu na mlango. Makumbusho."

"Mimi, Mwalimu. Ndiye baba mdogo wa Furaha. Na ndiye niliyekuwa nyuma ya mlango."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa saa ya treni.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri, ya kupendeza kabisa. Yote yakanipotea. Nilimwambia tu kwamba swali lile lilikuwa mchezo, na anisamehe. Akasema anajua sasa kwamba lilikuwa mchezo, alielewa alipofika chini, alipokumbuka vile vicheko vya wanawake, lakini miguu haikukubali kupanda tena.

Kisha akanimalizia darasa. Ile sehemu iliyomfanya afunge dirisha.

Alisema zile nyimbo za zeze, kabla ya vita zilianza kupigwa redioni asubuhi na jioni. Maneno yale yale ya roho ya watu, usingizi na kuamka, zamu yetu imefika. Waliobisha mlangoni kwake walikuwa vijana. Mke wake ndiye aliyefungua. Wakauliza. Jibu lake yeye Branko lingekuwa sahihi, jibu la mkewe halikuwa. Mmoja wa wale vijana alikuwa mwanafunzi wake.

"Alikuwa mzuri sana," akasema. "Nyimbo zote alizijua kwa moyo. Nilimpa alama za juu."

Kijana akawapa mpaka asubuhi waondoke. Kwa heshima ya mwalimu.

Nilijua hapo natakiwa nihisi kitu. Nikakitafuta, kama unavyopapasa ufunguo mfukoni. Sikukipata. Ila mdomo ukafunguka wenyewe, na ukasema kitu ambacho sijawahi kukisema hapa kwenye blogu, na sababu ya kutokisema ni kwamba ni cha kweli na hakuna ambaye angekiamini kutoka kwangu.

Nilimwambia juu ya bariyeri.

Ni kizuizi cha barabarani, kamba na magogo, kusini ya Uvira, huko kwetu, wakati wa vita. Mimi na kaka Sila tulikuwa tunatembea kwa miguu kwenda ziwani tukatafute mtumbwi wa Kigoma. Vijana wana bunduki, macho mekundu. Wakauliza, kabila gani? Sasa ubaya wa bariyeri ni kwamba hujui wale wanatafuta kabila lipi siku hiyo. Kaka Sila ndiye msomi wetu, alifika sekondari. Akaganda. Midomo ikawa myeupe. Mimi wa darasa la sita nikasema:

"Sisi Balengelele."

"Ni akina nani hao?"

"Afande! Hujui Balengelele? Watu wa nyuma ya mlima? Ambao hatukati kucha mwezi ukiwa mchanga?"

Hakuna watu hao. Hawajawahi kuwepo. Nilipata jina hilo wapi sijui mpaka leo. Nikawaeleza jinsi tunavyozika, jinsi tunavyosalimia wakwe kwa kugeuza mgongo, kwa nini hatuli kanga. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja akaapa kwamba bibi yake alikuwa akiwataja Balengelele, tena ni watu wazuri, wapole. Mkubwa wao akasema, imba wimbo wenu. Nikaimba. Sauti ilikuwa ya wimbo wa watoto wa kanisani, maneno yote nikayatunga pale pale, na kaka Sila, Mungu amrehemu, alikuwa akiniitikia kiitikio ambacho hakijawahi kuwepo.

Wakatufungulia kamba.

Tulitembea mpaka ziwani bila kutazamana. Tulipopanda mtumbwi ndipo tukacheka mpaka mwenye mtumbwi akaogopa. Kuanzia siku ile kaka yangu hakuniita tena jina langu. Simu ikilia, "Mlengelele!" Na mimi, "Mlengelele mwenzangu!" Ukoo wa watu wawili, una mila, una wimbo, una miiko. Tulikuwa tukiongeza. Kila Krismasi mwiko mmoja.

Mwezi wa nne pale hospitalini nilimwinamia nikamwita hivyo.

Hakuitika.

Hilo ndilo nililomwambia Mzee Branko, na nikamwambia kwamba tangu siku ile ukoo una mtu mmoja, na ukoo wa mtu mmoja ni nini? Treni nyingine ikaja, ikaondoka. Akasema, "Kama yule wa mashairi ya kale."

"Kama yeye. Ila mimi sikupewa makumbusho. Nilipewa ngazi za kusafisha."

Akatoa sauti puani. Kicheko au mafua, sijui. Kisha akaniuliza kwa makini, kimwalimu, mchezo wa mlangoni unachezwaje. Nikamweleza. Mbuzi wa bluu, mito inayopanda. Akasikiliza akikunja uso. "Basi mimi nimeshindwa tayari," akasema. "Sijui kutunga. Maisha yangu yote nimewakataza watu kutunga."

Lakini alisimama. Akayaona malapa yangu, akavua skafu yake, akanipa nikaushe miguu. Skafu ya sufu nzuri. Nikaitumia.

Tulipofika, Mirko alikuwa amekaa kwenye ngazi na keki mapajani. Nikawaacha nje wote wawili, nikaingia, nikafunga mlango. Mila ni mila. Hakuna wa kuchekacheka sebuleni sasa. Furaha amesimama katikati ya chumba, hajifichi.

Akabisha.

Mama Furaha akaninong'oneza: "Uliza basi." Nikaweka kiganja mlangoni. "Uliza, Baba Mdogo, uliza jambo lolote, muulize mbuzi!" Nilifungua mdomo. Mimi. Mdomo huu. Hakikutoka kitu. Ulimi umelala kama umechomwa sindano ya daktari wa meno. Nilisimama pale, koti la kaka linanibana mabega, watu wananitazama, na kwa mara ya kwanza maishani sina la kusema.

Basi bila kuulizwa, Mzee Branko akajibu. Kwa Kiswidi chake chenye milima, polepole, kama anasoma ubaoni:

"Sisi ni Balengelele. Hatukati kucha mwezi ukiwa mchanga. Hatuli kanga. Tumesikia ndani humo kuna ndugu yetu amebaki peke yake. Tumekuja kumtazama."

Shangazi wakaangaliana. "Balenge nini? Huyo mzungu amesema nini?" Hakuna aliyejua.

Furaha alijua neno moja. Miaka yote alimsikia baba yake akilisema kwa kelele kwenye simu, na hakuna aliyewahi kumwambia lina maana gani. Alishika mdomo kwa mikono miwili. Halafu akanipita, akanitoa mlangoni kwa bega lake, akafungua mwenyewe. Binti anayeposwa kufungua mlango! Wazee watalisema hilo mpaka wafe.

Mzee Branko aliingia kinyumenyume. Mgongo mbele. Nilikuwa nimemwambia ndivyo Balengelele wanavyosalimia wakwe.

Vigelegele vikapigwa, nafikiri vya kutoelewa. Tukala. Sombe, ugali, ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, na keki ya njugu ambayo ilikuwa imebonyea upande mmoja. Harusi imepangwa kiangazi. Mama Furaha alinijazia sahani mara mbili bila kunisemesha, na kwa wanaomjua, huo ni msamaha.

Hayo ndiyo ya jana. Ningependa kuwaambia kwamba nimelia, kwamba ganzi imeisha. Ingekuwa hadithi nzuri zaidi na mimi hadithi nzuri sizinyimi nafasi. Haijaisha. Asubuhi Furaha kapiga simu kuuliza siku ya harusi nitasimama kueleza ukoo wetu au vipi, na ni ukoo upi nitakaoueleza. Nimemwambia nitafikiri. Nikakata, nikakaa, nikautazama ukuta.

Namfikiria Mzee Branko na wanafalsafa wake. Neno linatungwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, linapendeza, linawainua watu walioinamishwa, halafu linabisha mlango wa mtu na bunduki. Na neno jingine, limetungwa na mjinga mmoja kwa hofu barabarani, linafungua kamba. Tofauti yake iko wapi? Mimi wa darasa la sita sijui. Labda nitajiandikisha tena Bredäng, safari hii nikae katikati.

Saa hizi kile kitu kimeacha kuanguka. Mbingu imefunguka kidogo juu ya paa la jengo la mbele. Nilikuwa nimechukua mkasi, nimekaa dirishani, nikate hizi kucha kabla ya kazi ya kesho, maana glavu zimekwisha.

Nimeinua macho, mwezi uko pale. Mwembamba, kama uzi.

Mkasi nimeurudisha kwenye droo.